Taya limevunjika: kufungwa waya au kuwekewa pleti?

Ndugu wanaomleta mgonjwa mwenye taya lililovunjika mara nyingi huwa wameshaamua njiani: vyuma, yaani pleti zinazokazwa kwenye mfupa kwa skrubu, ndiyo tiba ya kisasa, waya ni tiba ya asiye na hela. Kwa imani hiyo wapo wanaomwondoa mgonjwa hospitali wakakaa wiki tatu wakichanga fedha za pleti, kwa mvunjiko ambao ungefungwa waya siku ya pili na ukaunga vizuri. Wapo pia waliofungwa waya kwa sababu ndicho kilichokuwepo, ilhali hali yao ilidai pleti tangu mwanzo, na leo wanatafunia upande mmoja.

Hapa nitazungumzia zaidi taya la chini. Katika hospitali zetu za Afrika Mashariki ndilo linaloongoza kati ya mifupa ya uso inayovunjika, na bodaboda zina mchango wake mkubwa. Kofia ngumu iliyo wazi mbele inalinda fuvu lakini kidevu inakiacha nje. Tundu la jicho nitaligusa baadaye, kwa sababu huko swali hugeuka.

Zote mbili zinatafuta meno yakutane

Mfupa wa taya ukiwekwa mahali pake na kutulizwa, utaunga wenyewe. Kazi ya daktari ni kuyarudisha meno yakutane kama yalivyokuwa kabla ya ajali, kisha kuhakikisha vipande havichezi mpaka mfupa ushike. Mgonjwa mwenyewe ndiye kipimo kizuri kuliko wote. Muulize kama meno yanakutana kama zamani, atakujibu kabla picha ya eksirei haijatoka.

Waya hulituliza taya la chini kwa kulifunga kwenye taya la juu, mdomo ukabaki umefumbwa. Pleti hushikanisha vipande vyenyewe kwa skrubu, mdomo ukaendelea kufunguka. Tofauti nyingine zote, za chakula, gharama na hatari, zinaanzia hapo.

Waya unavyofungwa

Mgonjwa mara nyingi anakaa kwenye kiti cha meno akiwa macho, amechomwa sindano za ganzi. Daktari anachukua ukanda mwembamba wa chuma wenye vikulabu vidogo, anaukata kwa urefu wa safu ya meno na kuupinda ufuate mzingo wake. Kisha jino baada ya jino anapitisha waya laini, usiozidi nusu milimita hivi, kati ya jino na jirani yake. Anauzungusha nyuma ya jino, anautoa upande wa pili, anausokota, anakata ncha na kuikunjia ndani isichome shavu. Akimaliza safu ya chini anapanda ya juu. Ni kazi ya subira, saa moja au zaidi, na ufizi hutoka damu kidogo. Mwisho anayakutanisha meno na kuvifunga vikulabu vya juu na vya chini, kwa waya au kwa raba ngumu.

Mbinu hii si ngeni. Thomas Gilmer wa Marekani alieleza namna ya kufunga taya kwa taya mwaka 1887, na msingi wake haujabadilika mpaka leo. Haihitaji nusukaputi, haihitaji chumba kikubwa cha upasuaji, na hakuna mahali panapochanwa. Kwa mtu mzima hukaa wiki 4 hadi 6. Mtoto hufungwa muda mfupi zaidi, wiki 2 hadi 3 kwa kawaida, kwa kuwa mfupa wake unaunga haraka.

Uzuri wa waya ambao watu hawausemi ni kwamba unasamehe. Daktari akiona wiki ya kwanza meno hayajakaa sawa, anabadilisha mvuto wa raba na taya linasogea taratibu mpaka mahali pake. Pleti ikishakazwa vibaya haina msamaha huo. Meno yakibaki yamepishana, dawa ni kurudi thieta kuifungua.

Pleti inavyowekwa

Hapa mgonjwa analazwa kwa nusukaputi, na mpira wa kupumulia hupitishwa puani. Ndugu huuliza kwa nini pua wakati kinachotibiwa ni mdomo. Sababu ni kwamba daktari lazima kwanza ayafunge meno yakutane, kama tu anayefunga waya, ndipo akaze pleti. Mpira ungepita mdomoni, meno yasingefumbika. Kwa hiyo hata anayewekewa pleti hufungwa, ila kwa muda wa upasuaji tu, halafu hufunguliwa kabla hajaamka.

Mara nyingi mkato ni wa ndani ya mdomo, kati ya ufizi na mdomo wa chini, ili uso usibaki na kovu. Mvunjiko wa nyuma, karibu na kiungo cha taya, unaweza kudai mkato wa nje, mbele ya sikio au chini ya taya, na huko kuna mishipa ya fahamu inayochezesha uso. Pleti za titani zinazotumika sana zina skrubu za unene wa milimita 2. Wazo la kutumia pleti ndogo namna hii, ikiwekwa mahali ambapo misuli huvuta mfupa ufunguke, lilisambazwa na Maxime Champy na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, miaka ya 1970. Kabla ya hapo wengi waliamini taya linahitaji bamba nene na zito. Pleti ikikaa bila usumbufu haitolewi; hubaki humo maisha yote, na titani haimzuii mtu kupigwa picha ya MRI siku za baadaye.

Hatari zake ndizo hizi: usaha kwenye mkato, skrubu kugonga mzizi wa jino, na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa eneo hilo unapita ndani ya mfupa wa taya lenyewe. Ganzi hiyo mara nyingi huletwa na ajali yenyewe. Kwa hiyo mdomo wa chini ukiwa umekufa ganzi kabla ya upasuaji, mwambie daktari aandike kwenye faili. Baadaye mtajua kipi kimetoka kwenye lami na kipi kimetoka thieta.

Chakula, na wiki zenyewe

Mgonjwa wa waya hali kwa meno. Anakunywa. Kilichosagwa na kuchujwa hupita kwenye mianya ya meno na nyuma ya magego ya mwisho. Mtori uliopondwa vizuri, uji wa lishe wenye karanga na maziwa, supu ya maharage iliyochujwa, parachichi lililosagwa na maziwa: hivi ndivyo vinavyobeba mtu. Supu tupu na juisi haziwezi. Mtu akinywa supu nyepesi mara tatu kwa siku, baada ya wiki sita suruali inaanguka. Kupungua kilo kadhaa ni jambo la kawaida, na mwenye mwili mdogo tangu awali anaweza kudhoofika hadi mfupa wenyewe ukachelewa kuunga. Ale mara sita au zaidi kwa siku, kidogo kidogo, na mafuta yasiogopwe.

Nyumba isiyo na blenda inapata shida, lakini si kikwazo. Kinu, kijiko cha mbao na chujio la chai vimewalisha wengi.

Usafi wa kinywa ni mgumu zaidi kuliko chakula. Chembe zinakaa kwenye nyaya, ufizi unavimba, harufu inakuja. Mswaki mdogo laini wa mtoto upande wa mashavu, na kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula, kunasaidia sana. Ncha ya waya ikichoma shavu, nta ya mshumaa kidogo inaweza kuifunika mpaka siku ya kliniki.

Wanaofurahia pleti huwa hawaambiwi jambo moja: hata wao hawarudi kwenye mishikaki wiki inayofuata. Vyakula laini tu, vile visivyohitaji nguvu ya kutafuna, kwa wiki 4 hadi 6. Pleti ndogo haikutengenezwa kubeba nguvu ya kuvunja mfupa wa kuku. Tofauti iliyopo ni kwamba mwenye pleti anafungua mdomo, anaongea, anapiga mswaki, anakula wali uliolainika na samaki aliyetolewa miiba. Kwa mwalimu, kondakta, muuza duka au mhubiri, tofauti hiyo ndiyo riziki. Kwa mtu ambaye kazi yake haihitaji mdomo, ni usumbufu anaoweza kuuvumilia.

Wasiofaa kufungwa waya

Kuna watu ambao kwao sitaki hata kuona waya ukizungumziwa kwanza, hata kama pleti ni ghali. Mwenye kifafa. Mlevi wa kupindukia, ambaye akikosa pombe hospitalini anaweza kutetemeka na kuchanganyikiwa, na akirudi nyumbani atakunywa na kutapika. Mwenye pumu isiyotulia. Mjamzito anayetapika kila asubuhi. Mwenye ugonjwa wa akili ambaye hataelewa kwa nini mdomo umefungwa. Na majeruhi wa kichwa ambaye fahamu zake hazijatulia.

Sababu ni moja: kutapika au kushindwa kupumua mdomo ukiwa umefumbwa. Kwa mtu mwenye afya na akili timamu matapishi hutoka kati ya meno na puani akiinamisha kichwa mbele, kwa kuwa anayokunywa ni majimaji. Lakini kila aliyefungwa waya lazima aondoke hospitali na koleo ya kukatia waya, na mtu mwingine nyumbani aonyeshwe ni nyaya zipi za kukata: zile za wima tu, zinazounganisha juu na chini. Koleo ikae kando ya kitanda na isafiri naye kwenye basi. Hospitali ikimruhusu bila koleo, ndugu waiulizie kabla hawajatoka getini. Aliyefungwa kwa raba ana nafuu hapa; mkasi wa kawaida unatosha.

Kundi jingine ni wazee wasio na meno. Waya unashika jino. Pasipo jino hakuna pa kufunga. Zipo njia za kutumia meno ya bandia kama gango la kushikilia mfupa, lakini taya la mzee lililokonda kwa miaka ya kukosa meno ni jembamba na damu yake ni ndogo, na likivunjika pande zote mbili linahitaji pleti kubwa na imara, si ile ndogo. Vivyo hivyo taya lililosagika vipande vingi au lililopoteza kipande cha mfupa.

Wanaofaidi waya kuliko pleti

Watoto wanaongoza. Ndani ya taya la mtoto kuna meno ya ukubwani yamelala yakisubiri zamu, na skrubu haichagui. Tena mvunjiko wa watoto mwingi ni wa shingo ya kiungo, karibu na sikio, baada ya kuangukia kidevu. Hapo hata waya hupewa siku chache tu, na mara nyingine haufungwi kabisa: chakula laini, dawa ya maumivu, na kumhimiza mtoto afungue mdomo mapema. Kiungo kilichoumia kikiachwa kimelala muda mrefu kinaweza kushikamana, mdomo usifunguke tena, na taya la mtoto likabaki dogo uso ukikua. Upasuaji wa kurekebisha hilo ni mkubwa kuliko mvunjiko wenyewe.

Kwa watu wazima, shingo ya kiungo ndiyo sehemu ambayo madaktari bingwa bado wanabishana. Kipande kikiwa hakijahama sana, au kimevunjikia ndani kabisa ya kiungo, wengi hufunga kwa wiki moja hadi mbili kisha huongoza taya kwa raba na mazoezi. Kikiwa kimelala upande, taya limekuwa fupi na meno hayakutani hata yakivutwa, pleti ina hoja nzito. Ukiambiwa majibu mawili tofauti na madaktari wawili kuhusu sehemu hii, usidhani mmoja ni mjinga.

Waya unatosha pia kwa mtu mzima mwenye afya, meno kamili na imara, mvunjiko mmoja au miwili ambayo haijahama mbali. Hawa ni wengi kuliko ndugu wanavyodhani.

Kusubiri ndilo chaguo baya kuliko yote

Mvunjiko wowote unaopita kwenye eneo la meno tayari uko wazi kwa mate na vijidudu, hata kama ngozi ya nje haina mkwaruzo. Ndiyo maana dawa za kuua vijidudu huanzishwa mapema, na ndiyo maana siku zina thamani. Wiki ya pili na ya tatu mfupa unaanza kushika mahali ulipo, pabaya au pazuri. Aliyekuja baada ya mwezi mara nyingi anahitaji taya livunjwe upya ndipo lipangwe, na hapo hata aliyefaa waya anakuwa mgonjwa wa pleti.

Katika hospitali nyingi za umma gharama ya pleti na skrubu humwangukia mgonjwa au bima yake, na foleni ya thieta ni ndefu kwa sababu majeruhi wa tumbo na kichwa hutangulia. Uliza mambo mawili: pleti zipo au nitanunua, na siku ya thieta ni lini kwa uhakika. Jibu likiwa "tutaona", omba mgonjwa angalau afungwe kwa muda. Waya mmoja kuzunguka meno ya pande mbili za mvunjiko hupunguza maumivu na damu, na haumzuii kuwekewa pleti baadaye. Anayejipendekeza kuchua taya kwa mafuta ya moto ashukuriwe na aachwe.

Na kabla ya mjadala wote huu, siku ya ajali yenyewe: taya likivunjika pande zote mbili za kidevu, ulimi hupoteza mhimili wake na unaweza kurudi nyuma ukaziba koo. Usimlaze chali. Akiweza kukaa, akae ameinama mbele. Asipoweza, alazwe ubavu, huku shingo ikishikwa isipinde.

Hospitali za rufaa zenye madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, kama Muhimbili, Bugando, Kenyatta au Mulago, hufanya njia zote mbili. Hospitali ya wilaya yenye daktari wa meno mara nyingi inaweza kufunga waya vizuri kabisa.

Taya la juu na mashavu

Hapa nitapita haraka. René Le Fort, daktari wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1901 kuwa uso wa kati huvunjika kwa kufuata mistari inayojirudia. Ikiwa taya la juu limelegea lote, kulifunga kwenye taya la chini peke yake hakutoshi, maana yote mawili yatacheza pamoja. Pleti kwa kawaida ndiyo jibu, na hapo kusafirishwa kwenda hospitali kubwa kuna maana. Shavu lililobonyea bila mdomo kushindwa kufunguka na bila tatizo la jicho linaweza hata kuachwa, mwenyewe akiridhika na sura.

Tundu la jicho: kupasua sasa au kusubiri

Ngumi au mpira ukigonga jicho, sakafu ya tundu lake, mfupa usiofika milimita moja, hupasuka na kuangukia kwenye uwazi wa hewa ulio juu ya meno ya juu. Dalili ni kuona vitu viwili viwili, ganzi ya shavu na mdomo wa juu, na baadaye jicho kuzama ndani. Picha ya CT inaonyesha ukubwa wa mpasuko huo. Eksirei ya kawaida hukosa mengi.

Kwa mtu mzima, kusubiri siku 7 hadi 14 mara nyingi ni busara. Uvimbe ukishuka, kuona mara mbili kwa wengine huisha kwenyewe. Kinachoelekeza upasuaji ni kuona mara mbili kusikoisha ukitazama mbele au chini, jicho kuzama zaidi ya milimita 2, au picha kuonyesha zaidi ya nusu ya sakafu imeondoka. Kinachowekwa ni wavu wa titani, plastiki maalumu au kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Cha mwenyewe hakinunuliwi, lakini kinaongeza jeraha la pili kiunoni au kichwani. Wakati wote huo asipenge kamasi, maana hewa hupanda kwenye tundu la jicho.

Mtoto ni habari nyingine. Mfupa wake hupinda ukafunguka na kujifunga tena kwa nguvu, ukaubana msuli wa jicho. Jicho linaweza lisiwe jekundu wala lisivimbe, lakini halipandi juu, mtoto anatapika na mapigo ya moyo yanashuka. Wengi hudhaniwa wameumia ubongo. Huyu anatakiwa thieta ndani ya siku moja au mbili, msuli usife.

Na kwa umri wowote, jicho likivimba likawa gumu, likajitokeza nje na kuanza kupoteza nuru baada ya kipigo, usisubiri picha wala asubuhi. Damu inaubana mshipa wa kuona na muda uliopo ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Mkato mdogo kwenye kona ya nje ya kope unaweza kuliokoa.

Baada ya waya kutoka

Siku ya kufunguliwa mdomo hufunguka kwa kidole kimoja tu, na watu huogopa. Misuli imelala wiki sita. Mazoezi ni ya kila siku: kufungua polepole, kushikilia, kuongeza kijiti kimoja kimoja cha aiskrimu kati ya meno kila siku chache. Kipimo ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vikisimamishwa kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Akikwama kwenye viwili wiki kadhaa, au taya likipinda upande kila akifungua, arudi kliniki hata kama haumwi.